Nyota 7 zimenipandishia bei ya nyumba: nisaini au nisubiri?

Mama Neema, Tarneit

Habari zenu nyote. Shikamooni wakubwa.

Mwaka jana tulinunua kiwanja hapa Tarneit, kando ya Melbourne, Australia, mita 12.5 kwa 30, tukachagua nyumba kwenye katalogi ya kampuni moja baada ya kwenda kuikagua nyumba yao ya maonyesho Jumamosi tatu mfululizo. Bei tukakubaliana. Wiki iliyopita imekuja barua: nyumba yetu imepimwa matumizi ya nishati ikapata nyota 6.1, bila nyota 7 hakuna kibali cha ujenzi, kwa hiyo tuongeze dola 14,200 za vioo vya tabaka mbili madirisha yote na sufi (ile ya kuzuia joto na baridi) nene zaidi ukutani. Tumepewa siku 10.

Baba Neema anasema tusaini yaishe, ataongeza shifti za usiku. Mimi roho inasita. Ile nyumba ya maonyesho ilikuwa na bango la nyota 7 pale mlangoni, nililipiga picha. Ramani ni ileile. Nyota zimedondokea wapi?

Baba Amani, Blacktown

Mama Neema, hao wamekuona mgeni. Kataa. Mimi nimejenga hapa Sydney na hakuna mtu aliyenidai nyota. Sisi tuna cheti cha BASIX: maji, nishati, joto la nyumba, na siku hizi hata vifaa vya ujenzi vinahesabiwa. Unajaza mtandaoni, unalipa, unaambatanisha na maombi ya ujenzi kabla cheti hakijamaliza miezi 3. Kwisha. Waambie wakuonyeshe hiyo sheria.

Mzee Salim, Geelong

Marahaba mwanangu Mama Neema. Usisaini bado, na usigombane na mtu bado.

Baba Amani kasema kweli, ila kweli ya Sydney. BASIX ni ya New South Wales tangu 2004, haivuki mpaka kuja Victoria. Na hata huko nyota zimo, zimejificha kwenye sehemu ya joto la nyumba. Pengine mchoraji wako ndiye aliyehangaika nazo. Huku kwetu, tangu 1 Mei 2024 nyumba mpya lazima ifike nyota 7 kati ya 10 kwenye NatHERS, mizani ya taifa ya kupima nishati ya nyumba. Zamani ilikuwa 6. Tena kuna alama ya pili, ya nyumba nzima, inayohesabu AC, hita ya maji, taa, pampu ya bwawa ukiwa nalo, na sola juu ya paa. Hapo unatakiwa upate 60 kati ya 100, na paneli chache za sola hukusogeza sana.

Kwa hiyo kampuni haikukuzulia kitu. Nyota 7 ni sheria. Lakini njia ya kuzifikia sheria haikuchagulii, kampuni ndiyo imekuchagulia, na imechagua ile isiyowasumbua wao: ramani isiguswe, mteja alipe vioo.

Nyota zinapima jambo moja: itabidi ununue joto na ubaridi kiasi gani ili nyumba ikalike mwaka mzima. Mpimaji anaingiza ramani kwenye programu, hapa Victoria wengi hutumia FirstRate5, nayo inaipitisha nyumba yako saa kwa saa kwenye hali ya hewa ya mahali pako. Kwa kazi hiyo Australia imekatwa kanda 69. Jua linapiga ukuta gani, saa ngapi, linaingia ndani au linabaki nje, yote yanahesabiwa. Ramani moja ukiigeuza iangalie upande mwingine umepata nyumba nyingine. Nyota ulizopiga picha zilikuwa za kiwanja kile.

Sisi watu wa pwani hili linatupiga chenga. Mimi mtoto wa Mombasa. Kwetu jua la mchana liko utosini, fundi anachouliza ni upepo, kusi inaingilia wapi na kaskazi inatokea wapi. Nilikaa Geelong miaka miwili bila kugundua kuwa adhuhuri jua liko kaskazini siku zote! Juni linapanda nyuzi 29 tu hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo dirisha la kaskazini linalivuta mpaka katikati ya sebule, joto la bure. Desemba linafika nyuzi 75 na ushei, upenu wa sentimita 60 unalikata lisiingie. Dirisha la magharibi ndilo adui. Saa 11 jioni ya Januari jua linakuja limelala, upenu haulioni, na wewe ndani umegeuka mkate kwenye tanuri.

Niambie basi: mtaa uko upande gani, sebule iko wapi, na mlango wa kioo una upana gani. Na waombe cheti chenyewe cha nyota pamoja na ramani zilizogongwa muhuri. Barua ya bei siyo cheti.

Mama Neema, Tarneit

Shikamoo Mzee. Cheti nimekipata baada ya simu nne.

Mtaa uko mashariki. Sebule iko nyuma, yaani magharibi, na mlango wa kioo wa kuteleza wa mita 3.6, hakuna kibaraza wala kivuli. Dirisha la pembeni la sebule linaangalia kusini. Upande wa kaskazini, kuanzia mbele: gereji, bafu, stoo, chumba cha kufulia.

Kisha nikasoma mistari ile midogo. Taa za kuzama darini: 38. Thelathini na nane! Sikuomba hata moja. Mapangaboi: sifuri. Rangi ya paa: ya giza, hiyo aliichagua Baba Neema na hataki kusikia neno.

Mzee Salim, Geelong

Mwache na paa lake. Huku kwenye baridi paa jeusi si dhambi kubwa, angekuwa Brisbane kwenye joto ningemkemea.

Lakini jamani, jua lote la kaskazini limepewa mashine ya kufulia! Na nguo zenyewe mtaanika nje.

Waombe wakupindulie ramani, kushoto iwe kulia. Gereji na bafu viende kusini, dirisha la pembeni la sebule litaangalia kaskazini. Kabla ya kibali ni kazi ya kalamu tu. Mlango wa magharibi upunguzwe upana uwe mita 2.4 na uwekewe kibaraza. Taa za kuzama punguza, maana baadhi zinahitaji sufi ikatwe kuzizunguka, na programu inahesabu kila tundu. Weka pangaboi sebuleni na vyumba vya kulala. Ni rahisi, na programu inakuongezea alama kwa ajili yake kwenye hesabu ya joto.

Kisha tafuta mpimaji wako mwenyewe, aliyesajiliwa na chama cha wapimaji kama ABSA au Design Matters National. Usimwambie "nifikishe 7". Mwambie akupimie ramani hiyo kwa njia nne au tano, na kila njia aandike nyota. Ukishika karatasi hiyo ndipo unazungumza bei. Vioo vya tabaka mbili usivichukie lakini. Huku ni vizuri kuwa navyo. Nachokataa ni kuvinunua ili vifiche ramani mbaya.

Papa Espoir, Shepparton

Wandugu, salamu kutoka Shepparton. Mimi kazi yangu ni hiyo ya kuweka sufi, mwaka wa sita sasa, nakwangua mikono kila siku, kwa hiyo niongeze neno moja.

Mama Neema, zile nyota ni za karatasi. Nyumba ikiisha hakuna anayekuja na mashine kupima hewa inavujia wapi, sheria haimlazimishi mtu. Nimeshaingia dari za nyumba mpya, rangi haijakauka, nikakuta pakiti za sufi hazijafunguliwa, zimesukumwa pembeni kule paa linapoinama kwa sababu mtu alichoka kutambaa. Mwenye nyumba alikuwa ananiuliza mbona chumba cha mtoto ni friji. Cheti chake kilisema R6.0 (R ni nguvu ya sufi kuzuia joto, ikiwa kubwa ndiyo bora). Ukweli ulikuwa kwenye plastiki.

Kuna siku chache kati ya sufi kuwekwa ukutani na jipsamu kupigiliwa. Siku hizo omba ruhusa uingie. Sufi ijaze nafasi yote, isibanwe, isiwe na pengo hata la vidole viwili juu. Angalia nyuma ya mabomba, pembe za fremu, na juu ya madirisha. Lebo ya pakiti isome R ngapi, ulinganishe na cheti. Madirisha nayo yakifika yana stika: namba ya U, yaani joto linalopenya dirishani, ikiwa kubwa kuliko ya kwenye cheti, umeletewa dirisha duni. Piga picha kabla hawajabandua.

Baba Amani, Blacktown

Sawa, nimekubali nilikosea mkoa. Mzee Salim pole.

Lakini hapa Sydney nami niliumwa, niseme tu. Cheti changu cha BASIX kiliandika paa la rangi nyepesi. Mke wangu alipoona la jirani akataka la rangi ya makaa, nikabadilisha kwa fundi kwa simu, nikadhani ni rangi tu. Mkaguzi alipokuja mwishoni akafungua cheti, akaangalia juu, akafunga kalamu. Tulikaa wiki tano kwenye nyumba ya kupanga huku nyumba yetu imekwisha, tukisubiri kupimwa upya na kulipia upya, na tukaongezewa masharti mengine kufidia lile paa. Na mnaofanya ukarabati huku msijione mko salama: kazi ikifika dola 50,000 BASIX inawahusu.

Mama Neema, Tarneit

Wapendwa, nimerudi. Samahani kwa kimya, wiki tatu hizi zimenizeesha.

Kupindua ramani kumeshindikana. Si kampuni iliyokataa, ni kile kivuko cha gari cha saruji kinachotoka barabarani. Mwenye mradi wa viwanja alishakimwaga upande wa kaskazini wa kiwanja, na upande wa kusini kuna mti wa halmashauri na kisanduku cha umeme. Kukihamisha ni vibali viwili na pesa nisizonazo. Mnaotafuta viwanja, kiangalieni hicho kivuko kabla ya kusaini, maana ndicho kinachoamua gereji, na gereji ikaamua mengine yote. Mimi nilikuwa naangalia umbali wa shule.

Mpimaji wetu, dada mmoja mpole sana, akasema gereji ibaki kaskazini ila nyuma yake tunaweza kuhamisha. Bafu na chumba cha kufulia vimekwenda kusini. Akamega kona ya kaskazini ya sebule, akaacha kijiua, yaani ua mdogo wa wazi, cha mita 3, kwa sababu jirani akijenga mita moja kutoka mpakani jua la Juni lisingefika dirishani. Nilimwambia nyumba za mawe za Lamu zina kijiua cha namna hiyo katikati. Akaniuliza na huko kuna baridi? Nikacheka.

Mlango wa magharibi umekuwa mita 2.4 na kibaraza. Taa 38 zimebaki 12, mapangaboi manne. Kwa hayo peke yake, vioo vikiwa vya kawaida, tulifika 6.6. Vioo vya tabaka mbili sebuleni na vyumba vya kulala, 7.1. Bafu, stoo na kufulia vimebaki na kioo kimoja, sufi ya ukutani imebaki ileile ya kwanza.

Kampuni ilinuna, ikatuandikia ada ya kubadilisha ramani, lakini jumla pamoja na ada hiyo na malipo ya mpimaji ni dola 8,900. Tumesaini Ijumaa. Baba Neema ameacha shifti moja, na paa lake jeusi amelipata.

Papa Espoir, siku ya sufi nitakupigia, nitakuandalia na chakula.

Sasa naomba msaada mwingine, labda tufungue mazungumzo mapya. Mtaa wetu hauna gesi kabisa, jiko ni la induksheni. Nimejaribu kwa rafiki yangu hapa: sufuria zangu zote za aluminiamu, hata lile kubwa la ugali nililobeba kutoka Kariakoo kwenye begi la mkononi, jiko linalia tu halipashi. Mwenye kujua panapouzwa sufuria nzito zenye kitako cha chuma, zinazohimili mwiko, aniambie.