Nimevuka bahari hadi Unguja nikalishwa viazi vya kwetu Njombe

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite. Moderata msinihamishie kule kwenye jukwaa la mapishi, mimi sitafuti mapishi, nalalamika.

Kwanza mnielewe ninakotoka. Mimi ni mtu wa Makambako, mkoani Njombe. Nimekulia ugali, maharage, viazi, na nyama sikukuu. Mwaka 2012 nilikaa Unguja miezi saba kwa kazi ya umeme, nikapanga chumba Jang'ombe, na huko ndiko nilikojua kwamba kumbe nilikuwa nashiba tu, kula sijawahi. Bi mwenye nyumba akisikia pikipiki yangu imezima nje anamtuma mjukuu na bakuli lililofunikwa kawa. Leo muhogo wa nazi na ng'onda. Kesho shelisheli. Keshokutwa mchuzi wa papa mkavu, ule unaonuka hadi barabarani, ukitia tonge la kwanza unauomba msamaha.

Tangu nirudi Bara nyumbani kwangu hakuna amani. Mke wangu akiweka wali mezani nasema, "Mtamu, ila kule..." Miaka zaidi ya kumi mwanamke wa watu anavumilia "kule". Mwaka huu ada za watoto zimelipwa, kuna kahela kamebaki, nikamwambia jiandae, twende kule ukale mwenyewe.

Hoteli siitaji. Iko pwani ya mashariki, mchanga mweupe, bahari ile ya rangi ambayo ukipiga picha watu wanadhani umeichezea. Laki mbili na nusu kwa usiku, kifungua kinywa ndani. Vyumba safi, wafanyakazi wana adabu, sina neno. Neno langu liko kwenye sahani.

Asubuhi ya kwanza naingia na njaa yangu ya miaka kumi. Nakuta soseji, maharage ya kopo, mkate wa kukata na vikeki vya zabibu. Nikamuuliza kijana wa meza: mkate wa kumimina upo? Hakuna. Vitumbua? Hakuna. Chila? Akacheka, akasema, "Hivyo viko kijijini kaka, hapa hatuweki." Kijijini penyewe ni nyuma ya ukuta! Asubuhi ile ile nimetoka kutembea nimemwona mama kakaa na karai lake njiani anageuza vitumbua, watoto wamepanga foleni na sarafu mkononi. Nikanunua sita, tukala tumesimama, mafuta yanatiririka kwenye kiganja. Kifungua kinywa nilicholipia kikabaki kwa nzi.

Siku ya pili tukapelekwa kwenye ziara ya viungo, kule Kizimbani. Wakuu, kule ni raha. Kijana anakuvunjia jani anakwambia nusa, unataja: mdalasini, mchaichai, mpilipili manga umejizungusha kwenye mti mwingine, iliki inaota chini kabisa karibu na udongo (mke wangu alikuwa anajua inaning'inia juu kama embe). Saa mbili nzima tunanusishwa. Tumerudi pua imechangamka, na jioni ile kwenye ubao wa mapokezi imeandikwa kuna USIKU WA KISWAHILI, bafe la vyakula vya asili, elfu sitini kwa kichwa. Nikamkonyeza mke wangu. Nikalipa laki na ishirini.

Pilau ilikuwa ya njano. Naomba mrudie hiyo sentensi. Pilau, Unguja, ya njano, imetiwa rangi. Bizari nzima hakuna, kitunguu hakijakaangwa kikafika kwenye ule wekundu unaoipa pilau rangi yake, na juu ya kilima cha wali wamechomeka karafuu moja tu imesimama kama mlingoti. Kisiwa ambacho kilijaa Waarabu, Waingereza na vurugu zote za historia kwa ajili ya karafuu, mimi nimepewa moja ya kutazama! Pembeni samaki wa barafu kakatwa pembe nne, hana mwiba wala ngozi, hata kabila lake hulijui: changu? tasi? kolekole? Halafu viazi vya kuoka. Nikakiangalia kile kiazi, nacho kikaniangalia. Kila mtu anajua viazi vingi vinavyoliwa visiwani vinavushwa kutoka Bara. Nimesafiri kwa basi usiku kucha, nikapanda boti saa mbili na kutapika juu, ili nikutane na jirani yangu wa Njombe kwenye sahani ya elfu sitini.

Na kulikuwa na kitu kimeandikwa "urojo". Supu ya njano nyepesi, juu vipande vya mkate mkavu. Hakuna bajia wala kachori wala chembe ya muhogo. Wakati huo vijana wa Kimasai wanaruka mbele yetu kwenye Usiku wa Kiswahili. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki, ila nijuavyo mimi Kiswahili cha kuruka vile hakipo.

Mke wangu akaweka uma chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Junior, ndiyo kule?"

Siku ya tatu nikaagiza pweza wa nazi, elfu arobaini na tano. Maji yakipwa pale mbele ya hoteli unawaona akina mama na vijiti vyao wameinama kwenye mwamba wanachokoa pweza, kwa hiyo nikajua hapa hawawezi kukosea, pweza anatoka hatua hamsini kutoka jikoni. Walikosea. Nilitafuna kipande kimoja mpaka nikaanza kukumbuka matairi ya ujana wangu. Bi alinifundisha: pweza anapondwa kwanza, kisha anachemka polepole kwa maji yake mwenyewe, chumvi usimwonyeshe mapema, mpaka uma uingie bila kusukuma, hapo ndipo anakatwa, linaingia tui jepesi, na mwisho tui zito na ndimu. Ni kazi ya subira. Hawa walimtupa kwenye kikaango na kummwagia tui la pakiti.

Sasa njooni hapa kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi.

Mchana wa siku hiyo nimelala kitandani kwa njaa na hasira, upepo ukageuka. Nikasikia harufu. Nikakaa. Nikamwambia mke wangu, "Papa." Akajua nimechanganyikiwa. Nikavaa ndala, nikaifuata ile harufu kama mbwa, nikapita jenereta, nikapita kamba za mashuka, nikatokea nyuma ya dobi. Wafanyakazi saba wameketi chini kwenye mkeka, katikati sinia la wali wa nazi, bakuli la mchuzi wa papa, kisamvu, pilipili za kijani mbichi na ndimu zilizokatwa. Wakashtuka. Mama mmoja wa makamo, nimewahi kumwona anafagia majani bwawani, akasema, "Karibu mwanangu, njoo tule." Wanaojua Uzanzibari wanajua neno hilo si la kupita, ukisema "asanteni nimeshiba" umemkosea mtu. Nikakaa.

Wakuu, mchuzi ule! Ukwaju umekaa mahali pake, nazi imeiva mpaka imetoa mafuta juu, papa analegea mkononi. Nilikula na mkono mpaka kwenye kifundo. Nikauliza nani kapika. Wakamwonyesha mama wa ufagio. "Mie ndo nlopika, kila siku zamu yangu mie, hawa wenzangu hawajui." Nikamuuliza, mbona hawakuweki jikoni? Akanyanyua mabega tu, akanisogezea pilipili.

Sikumaliza. Meneja katokea na simu sikioni, akanikuta mgeni wake wa laki mbili na nusu nimekunja miguu na wafagiaji. Mimi akaniambia kwa tabasamu kwamba sehemu ile si ya wageni, kwa usalama wangu. Wao hakuwatabasamia. Aliwasema mbele yangu, kwamba harufu ya vyakula vyao inafika kwenye vyumba na ameshakataza. Yule mama akaanza kukusanya vyombo na wali umebaki nusu sinia.

Nikamfuata ofisini. Nikamwambia harufu hiyo unayoikataza ndiyo niliyoifuata kutoka Makambako. Akanijibu wageni hawawezi pilipili, hawawezi miiba, hawawezi harufu kali, wageni wanataka vyakula walivyovizoea. Ndugu zangu, Mtaliano ana tambi kwao, tena nzuri. Hawezi kupanda ndege usiku mzima kuja kula tambi mbovu kwenye mnazi. Na mimi je? Mimi ni Mtanzania nazungumza naye Kiswahili, nimemtajia chakula kwa jina lake, bado ananiambia "wageni hawawezi"!

Milango ya Mji Mkongwe inalindwa, mji wenyewe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, ukitaka kubadilisha dirisha unaandika barua. Lakini mtu anayejua kupika mchuzi wa papa unampa ufagio, halafu jikoni unamweka mtu wa kufungua makopo.

Tukaondoka siku moja kabla. Hela ya usiku uliobaki hawakurudisha, hilo tuliache.

Dereva aliyetuleta mjini alituahidi "chakula cha asili kabisa", akatushusha mahali menyu ina bei za dola na mlangoni kuna papasi, yaani dalali wa watalii, anamsubiri ampe chake. Tukamshukuru, tukatembea. Nikaenda hadi Jang'ombe kutafuta nyumba ya zamani. Bi hayupo, wameniambia yuko Maskati kwa mwanawe, mzima wa afya, na huko pia anawapikia watu. Nikafurahi na nikaumia kwa pamoja.

Lakini mtaa wa pili, alasiri, pale pale barazani kama zamani, kuna mama na sufuria lake. Mke wangu nikamkalisha kwenye kigoda. Mama anachota urojo kwanza, ule mzito, wa njano ya kweli ya bizari, wenye ukali wa embe mbichi. Anavunjia kiazi. Anatia bajia mbili na kachori, anakata yai kwa uzi, anasukuma mishkaki kutoka kijitini kwa kidole gumba, kisha chatne ya nazi, kisha anauliza "pilipili?" na hasubiri jibu. Mwisho kabisa anamwaga juu zile chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba, na hapo inabidi ule haraka maana baada ya dakika chache zinalainika. Elfu tatu bakuli.

Mke wangu hakusema kitu mpaka bakuli lilipoisha. Akalirudisha kwa mama akasema, "Nyingine." Kisha akanigeukia: "Sasa wewe siku zote hizi ulikuwa unanipeleka wapi?"

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Wale wa "umeenda hoteli ya wazungu ulitarajia nini": nilitarajia chakula cha mahali nilipo. Nikienda Moshi nataka mtori, hata kama hoteli ina bwawa.

Aliyesema Wazanzibari wanaficha vyakula vyao, hapana mkuu, umekosea. Mzanzibari anakula nyumbani kwake, ndiyo sababu migahawa mizuri ya kwao huioni kila kona. Biriani ya kweli, ile wali wake mbali na masala yake mbali, inapikwa harusini. Boko boko unaikuta kwenye shughuli na Idi, nyama na ngano vimesongwa mpaka havijuani, juu samli na kitunguu. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga, ndizi mbivu za nazi, na watu wanapelekeana sahani nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo ukitaka kula vizuri, jenga urafiki na mtu, au kaa Ng'ambo, ile mitaa ya mjini nje ya Mji Mkongwe. Mchana wa Ramadhani lakini uwe na heshima, usitembee unatafuna.

Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe wanapouza vyakula usiku, naulizwa sana. Nendeni kwa upepo, kwa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na kuangalia vijana wanavyojirusha baharini magharibi ikiingia. Ukitaka kula, uliza bei kabla hujanyoosha kidole, kwa Kiswahili, kwa sauti. Ile wanayoiita piza ya Zanzibar ya nyama na yai ni mantabali kwa jina la biashara, sina tatizo nayo. Ya chokoleti na ndizi sitaki kuizungumzia.

Na huyo anayeniomba inboksi jina la hoteli, sikupi. Yule mama bado anafagia pale, sitaki jina lake liunganishwe na povu langu.

Halua nimenunua ya Wete, Pemba, kilo mbili, imefika Makambako salama. Watoto wameshakula kilo moja na nusu.