Kikoba chetu Nzuguni: tuache sanduku la kufuli tatu tuhamie kwenye simu? Naomba ushauri

Binti wa Nzuguni
Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Nzuguni, Dodoma. Tupo 28: wauza mboga, mama lishe, na wachache wenye mashamba ya alizeti Chamwino. Jumamosi tunanunua hisa, tunapiga mihuri kwenye vijitabu na kukopeshana, Desemba tunavunja. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, na anayelaza sanduku kwake hana hata mmoja.

Ikifika Oktoba sanduku limeshiba na mtaa mzima unajua liko kwa nani. Kikundi cha jirani walivunjiwa usiku, mgawo ukiwa umekaribia kabisa. Tangu hapo vijana wanataka tufungue akaunti ya kikundi kwenye mtandao wa simu, na mimi naunga mkono.

Wazee wamegoma. Bibi mmoja, mwanzilishi wetu, alisimama akasema: "Mjukuu wangu, sanduku linafunguliwa mbele yangu, hela zinamwagwa kwenye beseni, wote tunahesabu. Hiyo ya kwenye simu nitaiona wapi?" Ana kitochi na hajui kusoma. Nilikosa jibu. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia kila siku, nani atamlaumu? Hawa ndio waliotukopesha wakati hakuna aliyetuamini. Tufanyeje wasije wakajitoa?

Mzee wa Kibaigwa
Binti, bibi haogopi simu. M-Pesa ipo nchini tangu 2008, na bila shaka wanawe wanamtumia hela humohumo. Anachokataa ni hela ya watu 28 kuonwa na watatu.

Vikundi vya sanduku vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo maana kila kitu kinafanyika hadharani: kuhesabu kwa sauti, kukariri salio kabla ya kutawanyika, na kulitaja tena kikao kinachofuata kabla kufuli hazijafunguliwa. Mkihamia kwenye simu mkaacha hayo, mtakuwa mmemnyang'anya bibi macho yake.

Pendo_Singida
Mimi siungi mkono kulipamba sanduku. Kwetu washika funguo wote watatu walikuwa ukoo mmoja, na hesabu ya hadharani haikutusaidia kitu. Kwenye simu angalau muamala unaacha alama. Hameni.

Mhasibu Mstaafu
Pendo ana hoja, lakini alama ya muamala inamsaidia anayeweza kuisoma. Dada katibu, kabla ya kusaini muulize wakala: hela ikitoka, je, kila mwanachama anapata ujumbe, hata mwenye kitochi? Wanaoidhinisha ni wangapi? Mmoja akifariki au akipoteza laini, inakuwaje? Na siku ya mgawo mtatoa fedha mara 28, makato atalipa nani? Mwaka 2021 tozo za miamala zilipoanza watu waliumia, kwa hiyo hili liandikwe kwenye katiba yenu mapema.

Kikao kibaki vilevile, beseni na mihuri vibaki. Hela ihesabiwe mbele ya wote ndipo iwekwe kwa wakala, na waende watatu, mmoja wao asiwe kiongozi. Kikao kinachofuata salio lisomwe kwa sauti, kila anayetaka ashike simu mwenyewe. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 nyinyi ni daraja la nne, yaani vikundi vya kijamii, kwa hiyo mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kama usajili wenu bado.

Mama Alizeti
Anzeni na mfuko wa jamii tu, ule wa misiba na dharura. Hisa zibaki kwenye sanduku mpaka mzunguko huu uishe. Wazee wakiona hela ya msiba imetoka kwenye simu siku ileile, mtazungumza lugha moja.

Binti wa Nzuguni
Asanteni sana, wazo la mfuko wa jamii nalipeleka Jumamosi. Nafikiria bibi awe mmoja wa waidhinishaji. Shida ni kwamba wakati wa usajili wa alama za vidole mashine ilikataa vidole vyake, jembe limevifuta, na nasikia laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu aliyeko Dar.

Mhasibu Mstaafu
Hapo simama kwanza. Bonyeza *106# kwenye simu yake uone jina linalotokea. Kama si lake, asiidhinishe chochote kwa laini hiyo, maana mwenye jina anaweza kuirudisha upya wakati wowote. Mpelekeni duka la mtandao husika akiwa na namba yake ya NIDA. Likishindikana, mpeni kazi ya kutunza salio kichwani na kulitaja kabla halijasomwa kwenye simu.

Binti wa Nzuguni
Nimebonyeza, ni jina la mjukuu kweli. Kesho naenda naye dukani. Nitaleta mrejesho.