Ndege isiyo na injini inasafirije toka mji hadi mji?

Mwana_Pangani:
Wakuu, kuna ndege zisizo na injini. Kushuka polepole naelewa, lakini eti zinasafiri? Kuna aliyewahi kuirusha humu?

Fundi_Bomba:
Kamba hizo. Injini imefichwa.

Mtanga_Ughaibuni:
Hakuna kilichofichwa mkuu, narusha mwenyewe. Niko Ujerumani, tunarukia Kirchheim unter Teck. Agosti moja nilikuwa nawinda beji ya fedha ya marubani wa ndege hizi, ambayo mojawapo ya masharti yake ni kwenda kilomita 50. Nilipewa Ka 8, kikongwe cha kiti kimoja, mabawa ya mbao na kitambaa. Hewa ikitulia, ndege hii ikishuka mita 1 inakuwa imesonga mbele 27. Winchi, mashine ya ardhini inayovuta ndege kwa kebo, ikanivuta hadi mita 400 hivi, nikaachia kebo. Hapo una dakika chache tu, usipopata hewa inayopanda unarudi ulikotoka.

Aliyeniokoa ni mwewe. Huyu huyu ambaye Tanga tulimrushia mawe asibebe vifaranga! Alikuwa anazunguka bila kupiga bawa, nikamfuata. Vario, kile kifaa kinachokuambia unapanda au unashuka, ikaanza kulia, tukapanda wote hadi nikakaribia tumbo la wingu. Siri ndiyo hiyo: jua linachoma ardhi, hewa ya moto inapanda, unazunguka ndani yake, kisha unateleza kutafuta nyingine. Nikaenda hivyo, wingu hadi wingu, kandokando ya miteremko ya milima ya Schwäbische Alb.

Nilipopita mji wa Heubach kivuli kikatanda. Vario kimya. Uwanja wa ndege wa Elchingen uko kilomita 22 mbele, mimi nina mita 700 juu ya ardhi. Piga hesabu. Nikahangaika kutafuta hewa, nikazidi kushuka, mwisho nikachagua shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, lisilo na nyaya za umeme. Kilomita 47.

Fundi_Bomba:
Zimebaki tatu! Mwenye shamba je?

Mtanga_Ughaibuni:
Alikuja na trekta, akauliza kama nimeumia, halafu akataka kukaa kwenye kiti apigwe picha. Wenzangu walifika na trela saa mbili kasoro usiku (jua la huko lilikuwa bado juu), tukachomoa mabawa tukapakia. Desturi ni kwamba uliyetua shambani unawalipia chakula waliokufuata. Walikuwa watatu. Walikula, mkuu, hadi mhudumu akaniangalia kwa huruma.