Mrejesho: uso umeacha kuwa wa kijivu, lulu imekubali

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliomba msaada hapa: nilitaka kumchora mdogo wangu kwa mkao wa yule msichana mwenye hereni ya lulu kwenye picha ya mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer, ila uso ulitoka wa kijivu kama majivu.

Aliyeniambia nisitie nyeusi kwenye ngozi, Mungu akubariki. Nilipaka kahawia turubai nzima kwanza, vivuli nikavipata kwa kahawia na buluu. Sasa uso una uhai. Kilemba cha yule msichana nimekigeuza kuwa kanga ya manjano ya mdogo wangu.

Lulu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mguso mmoja mzito wa nyeupe juu, mwanga hafifu chini unaotoka kwenye kola, basi. Ya Vermeer haina hata kikulabu, na yangu pia. Ukirudi nyuma hatua tatu unaiona inaning'inia!

Nyuma ya kichwa ndiko kulikonishinda. Mlinieleza kwamba Vermeer, mwaka 1665 hivi, aliweka pazia la kijani, nami nikapitisha kijani chepesi juu ya nyeusi. Sikusubiri ikauke, ikafanya mabaka. Nimeifuta, nimeacha nyeusi tupu.

Asanteni sana. Picha iko sebuleni, mdogo wangu hataki itolewe.