Yule mwalimu wa tuisheni wa Migosi leo amevuka mpaka

Wazazi wa Kisumu, mnamjua. Sitaji jina. Ni yule anayefunzia kwa garaji, wa kuwachekea watoto wa wenye magari. Leo jioni amempokonya mwanangu karatasi ya hesabu mkononi, mbele ya wenzake wote, akamwambia: “Wewe ni BE, na mama yako kwa malipo ni BE.” Yaani ile alama ya chini kabisa, chini ya matarajio! Ananidai mia tatu. MIA TATU! Mtoto alikuwa katikati ya swali la tano, kalamu iko hewani, karatasi imeenda!

Sisi pia tulisoma tuisheni, jamani. Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, tulikuwa darasani alfajiri na mapema na mwalimu wetu yuleyule wa darasa. Usipokuwa na pesa unaleta mahindi, ama unakaa nyuma kimya na bado unafunzwa. Viboko vilikuwepo, ndiyo, lakini hakuna aliyemgusa mama ya mtu. Ikaja sheria ya 2013 kukataza tuisheni ya likizo, watoto wakaanza kwenda na nguo za nyumbani, vitabu kwenye mfuko wa sukari ili chifu asishtuke. Korona nayo ikafunga shule Machi 2020, kila mwenye cheti akawa mwalimu wa nyumba kwa nyumba. Huyu wetu alichipuka hapo.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, nikadhani tutapumua. Wapi! Bei imepanda. Eti anawaandaa mapema kwa KJSEA, mtihani wa Gredi 9, waingie mkondo wa STEM, ule wa sayansi na hesabu. Mtoto wa Gredi 4! Kikundi chake cha WhatsApp kina sheria nyingi kuliko Katiba, na kwa pesa zetu karibu atanunua Ziwa Victoria alizungushie fensi.

Lakini karatasi! Unampokonyaje mtoto karatasi? Na nililipa mimi kuiprinti saiba! Amerudi ameshika kile kipande cha kona kilichochanika, kina jina lake. Ananiuliza, “Mama, kwani wewe pia ulifanya mtihani?” Mnataka nimjibu nini?

Ja-Kondele: Pole sana mama. Sasa lipa mia tatu.

Mama Gredi Nane: Wewe umepoteza karatasi tu. Mimi kiti! Si watoto hubeba viti kutoka nyumbani? Changu cha plastiki, cha buluu, kiko huko tangu Aprili na anakikalia yeye mwenyewe. Nikiuliza, ananiambia mtoto arudi muhula ujao kwanza.

Mwalimu Mstaafu: Someni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37. Faini hadi laki moja, ama jela hadi mwaka mmoja, ama vyote viwili.

Ja-Kondele: Mwalimu, hiyo ni ya likizo. Sasa ni muhula. Halafu nani atashtaki, na sisi ndio tunawapeleka kwa boda?

Mwenye uzi: Hamjasikia vizuri. AMEMPOKONYA. Karatasi. Mkononi.

Ja-Kondele: Tumesikia, dada. Swali la tano.

Wa Section 58: Nyinyi wa Kisumu mnalia na mia tatu? Kwetu Nakuru wa kwangu anataka mia tano kwa saa, na asipopata chai na mayai mawili hafungui kitabu. Nusu saa ya kwanza ni mayai.

Mama Gredi Nane: Mayai yenyewe Nakuru ni ngapi siku hizi? Huku trei imenishinda.

Wa Section 58: Usiniulize mayai, dada. Shida yangu ni hizi kazi za mtaala wa CBC. Jana ilikuwa manyoya ya kuku, leo ni kutengeneza kiota. Mimi ndiye niko shuleni, mtoto analala.

Binti Mamboleo: Kiota ni nafuu. Wangu alitakiwa kuleta picha za wanyama kumi, za rangi. Saiba wakaniprintia mbuzi wa kijani, na pesa wakachukua yote.

Mama Gredi Nane: Ni yule wa karibu na stejini? Huyo nina kesi naye! Alinichanganyia ripoti na ya mtoto wa mtu mwingine!

Mwenye uzi: Na karatasi ya mwanangu?

Binti Mamboleo: Huyohuyo wa stejini! Na ukimwambia arudie anakwambia wino umeisha. Fungua uzi wake, dada, tuko wengi.