Mrejesho: kutoka siga za jani jeusi hadi za jani la rangi hafifu

Ndugu zangu, niliwauliza kama mtu aliyezoea siga (tumbaku iliyoviringwa ndani ya jani la tumbaku) za jani la nje jeusi, yaani maduro, ataambulia ladha yoyote katika zile za rangi hafifu, na leo naleta mrejesho. Nilianza na Connecticut, jani linalokuzwa chini ya vitambaa vya kivuli ili libaki jembamba na laini, nikapata ladha ya malai na pilipili manga kidogo, ilhali maduro, iliyochachushwa zaidi, hunipa kakao. Tatizo ni unyevu wetu wa Mombasa: tumbaku ya ndani ikivimba, jani hilo jembamba hupasuka. Siga ya jani la Ecuador, ambako mawingu ndiyo kivuli, imenipendeza zaidi, hasa pamoja na kahawa chungu, ingawa wenzangu wa barazani (wabishi wakubwa hao) wanaiona nyepesi mno.