Kumlipa trena wa peke yako jimu: ni faida au ni fahari ya mjini?

Mchambuzi wa Sinza

Wakuu, habari za leo. Nauleta huu mjadala hapa kwa sababu kundi letu la kazini limeshindwa kuumaliza na watu wameanza kununiana. Kuna mwenzetu, umri arobaini na ushee, presha imeanza kupanda na daktari kamwambia apunguze uzito. Akaenda kuulizia jimu moja hapa Dar. Ada ya mwezi elfu sabini, hiyo hakuna aliyeipigia kelele. Kelele zimeanzia pale alipotajiwa trena wa kumsimamia peke yake, mara tatu kwa wiki, saa moja moja: laki mbili na nusu kwa mwezi, nje ya ada. Wapo wanaosema alipe, uhai haununuliwi. Wapo wanaosema hiyo hela ni kodi ya chumba na sebule, anaibiwa mchana kweupe.

Upande wangu nausema mapema ili mnirushie mawe vizuri. Trena alipwe, ila kwa muda mfupi na kwa kazi inayojulikana. Mwezi mmoja, ikizidi sana miwili. Akufundishe kuchuchumaa na chuma mabegani, kuinua chuma kutoka chini bila kuuvunja mgongo, kusukuma, kuvuta, na kujipangia wiki yako. Baada ya hapo mnaagana kwa heshima. Ukishapata leseni humlipi tena mwalimu wa udereva akae kiti cha pembeni kila unapokwenda sokoni.

Nasema hivyo kwa sababu kinachotakiwa kwa afya ya kawaida hakina siri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku 2 au zaidi. Ya wastani maana yake unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa kasi ufukweni Coco asubuhi hakuhitaji mtu wa kukushikia saa.

Halafu kuna hesabu ya kitambi, ambayo matrena wengi huipita kimya. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anachoma kama kalori 400. Soda mbili za nusu lita zinazirudisha zote kabla jasho halijakauka. Wiki ina saa 168. Trena anakuona kwa saa 3, zile 165 zilizobaki uko mwenyewe na chipsi mayai. Laki mbili na nusu ya kila mwezi inanunua nini hasa hapo?

Kocha wa Vyuma

Mkuu, mimi ni trena, kwa hiyo mnajua naongelea ugali wangu. Lakini huo mfano wa leseni haukai. Barabara ya Shekilango haikuongezei mzigo kila wiki. Mwili unauzoea mzigo, na ukishauzoea haubadiliki tena mpaka uuongezee: kilo mbili na nusu hapa, marudio mawili pale, wiki nyingine umpumzishe mtu. Nenda jimu yoyote utamkuta kaka anayenyanyua uzito uleule tangu Sensa, kifua kilekile. Hana anayemwambia aongeze.

Ngoja niwaonyeshe kazi yenyewe. Mtu wa ofisini anakuja, namwambia achuchumae, bila chuma kwanza. Visigino vinainuka, magoti yanaingia ndani, kiuno kinakunjika kabla hajafika hata nusu. Wewe unayejifunza kwa video ungempa chuma hivyohivyo. Mimi namwekea sahani mbili ndogo za chuma chini ya visigino, namshikisha uzito mdogo kifuani ili asianguke nyuma, namwekea benchi chini aligusie makalio ndipo anyanyuke. Siku hiyo hatoki jasho jingi na anaondoka ananung'unika kwamba hela yake imeliwa. Mwezi wa pili anachuchumaa vizuri bila sahani. Sasa niambieni, mwenyewe angejiona?

Na hiyo laki mbili na nusu haiingii yote mfukoni kwangu. Jimu inachukua chake kwanza, wengi wetu hatuna mshahara. Mteja akisafiri, sijala.

La mwisho: watu hawanilipi kwa elimu tu. Wananilipa waje. Januari jimu haina pa kukanyaga, Machi mashine zinapigwa vumbi. Wanaobaki ni wale waliokwishalipia mtu anayewasubiri saa kumi na mbili asubuhi.

Ndoo za Zege

Hapa mtaani kwetu jimu ni bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Buku unaingia. Kuna bodaboda pale ana mgongo ambao trena wenu hana, na hajawahi kusikia neno trena. Wapeni hela watoto wakanunue maziwa.

Mama Wawili

Ndugu Ndoo za Zege, huyo bodaboda hajajifungua kwa upasuaji.

Mimi nilimlipa trena. Mwili wa kibaunsa, ukutani kwake picha nyingi. Siku ya kwanza hakuniuliza kitu zaidi ya jina na namba ya simu. Akanilaza nikunje tumbo, seti baada ya seti, kwamba ndiyo dawa ya tumbo la uzazi. Nilikuwa na mtoto wa miezi michache. Tumbo likawa linachongoka katikati kila nikijiinua, yeye anasema maliza. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiye aliyenionyesha kwa vidole kwamba misuli ya katikati ilikuwa bado imeachana, na kwamba nilitakiwa nianze na kupumua na mazoezi madogo kabisa ya kukaza nyonga. Na juu ya yote yule trena akataka kuniuzia kopo la poda ya protini.

Na hili la pili kaka zangu huwa mnaliruka. Trena anakushika kiuno kukurekebisha. Wengine hatutaki, na waume zetu hawataki. Trena wa kike ukimpata, ratiba yake imejaa. Zipo jimu zinazotenga saa za wanawake, ila nyingi ni saa nne asubuhi, mtu uko kazini. Kwa hiyo kwangu swali la kulipa au kutolipa linakuja baada ya swali la nani.

Viungo na Mifupa

Dada Mama Wawili pole, na umesema lililo kubwa kuliko bei. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, watu hawa nawapokea.

Trena anayejua kazi anaanza na maswali, hagusi chuma. Kuna fomu fupi inayoitwa PAR-Q, ilianzia Kanada, ina maswali 7 tu: umewahi kuambiwa una tatizo la moyo? Kifua kinauma ukijishughulisha? Kinauma hata ukiwa umekaa? Unapata kizunguzungu au kuzimia? Una tatizo la mfupa au kiungo? Unatumia dawa za presha au moyo? Kuna sababu nyingine? Ukijibu ndiyo hata moja, unapitia kwa daktari kwanza. Inachukua dakika mbili na haina gharama. Trena asiyekuuliza hata hayo, usimlipe hata elfu kumi.

Kwa huyo mwenzenu wa presha nina mambo mawili. Kwanza, asibane pumzi anaponyanyua. Kubana pumzi na kujikaza kunapandisha presha ghafla. Atoe pumzi anaposukuma. Pili, aseme dawa anazotumia. Dawa kama atenolol hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo saa ya mkononi itamwonyesha mapigo madogo na trena atamwambia ongeza kasi, kumbe mwili umeshafika mwisho. Hapo kipimo cha kuongea alichokitaja mtoa mada ndicho salama.

Na jihadharini na wale wa "leo nitakuua". Mtu asiyefanya mazoezi kwa miaka akisukumwa kupita kiasi siku ya kwanza, misuli inaweza kuvunjika na mabaki yake yakaenda kuziumiza figo. Dalili ni maumivu yasiyo ya kawaida, misuli kuvimba na mkojo kuwa wa kahawia iliyokolea. Ukiona hivyo ni hospitali, siyo kunywa maji ukalale.

Vyeti: wengine wana vya ACE au NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya matrena. Mwulize, na ukague kwenye tovuti ya waliokitoa. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwalimu mzuri, lakini angalau kuna mahali alikaa akafanya mtihani.

Mzee wa Maisara

Nyie wa Bara mnapenda kulipia kila kitu. Huku Unguja tuna vikundi vya mazoezi vya mitaani, alfajiri mtu na raba zake, kuna mwalimu mbele, mchango wa kitu kidogo. Tarehe 1 Januari vikundi vyote vinatoka barabarani, wazee kwa vijana, viongozi wakubwa nao wamo. Mie nina vijukuu na sijamhitaji daktari wala sijamlipa trena. Huko kwenu pia Mama Samia alipokuwa Makamu wa Rais mwaka 2016 alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Mumeifanyia nini?

Mchambuzi wa Sinza

Shikamoo mzee. Hiyo ya vikundi ni kweli, hata huku klabu za joging zipo, Jumamosi zinafunga njia. Ila kikundi cha watu wengi hakiwezi kuangalia goti la mtu mmoja, na mwenzetu mwenyewe ndiyo kwanza anaanza.

Kocha, kuhusu kuongeza uzito bado sikubali. Daftari la shilingi mia tano linafanya kazi hiyo: andika leo umenyanyua kilo ngapi mara ngapi, wiki ijayo ongeza kidogo. Lakini ile hoja yako kwamba watu wanalipa ili waje, nimeikosea jibu. Kama mtu anajijua kwamba bila kusubiriwa hatoki kitandani, basi analipia kusubiriwa, na hiyo ni haki yake. Aseme tu hivyo, asijidanganye kwamba analipia utaalamu.

Na nimemfikishia mwenzetu yale ya atenolol, kwa sababu kumbe ndiyo dawa anayotumia na pale jimu hakuna aliyemuuliza. Keshokutwa anarudi kwa daktari kabla ya kulipa chochote. Sasa nauliza kitu kingine: kuna lazima gani ya trena kuwa wa mtu mmoja? Wakiwa watatu wa hali inayolingana, saa moja, mara mbili kwa wiki, wakagawana?

Mama Wawili

Watatu wanawake, nipo.

Kocha wa Vyuma

Watatu inawezekana, wanne hapana, macho yangu ni mawili. Elfu themanini kila mmoja kwa mwezi, fomu ya maswali tunajaza kabla ya kugusa kitu, na dada, kuna trena mwenzangu wa kike nitakuunganisha naye. Ila saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Foleni ya Ubungo siyo udhuru.

Ndoo za Zege

Elfu themanini mara tatu ni laki mbili na arobaini. Kocha kapunguza elfu kumi tu, ila wote mmefurahi.